Wimbi la Ardhini Lilitangulia

Kikombe cha bati kilianza kulia gizani, trrr, trrr, juu ya kistuli kando ya kitanda. Humo ndimo ninamolaza kile kidude cha kuniitia kazini, kwa kuwa nikikiacha juu ya mkeka hutetema kimyakimya nami huendelea na usingizi wangu. Kikiwa ndani ya kikombe, hata jirani huamka.

"Kikombe chako kinakuita," alisema mume wangu Matahi, macho bado yamefumba. "Kiambie kahawa ni asubuhi."

"Lala, baba Vai."

Nilitoka peku. Nyumba yetu imo ndani ya ua wa kituo cha kupima matetemeko, juu ya kilima, na mji wa Papeete uko chini yetu na taa zake. Unapita migomba, unapita tangi la maji, umefika chumba cha mashine. Zamu ya usiku ule ilikuwa yangu.

Taarifa ya kwanza ilikuwa imeshafika kwenye skrini. Ardhi ilikuwa imetikisika chini ya bahari, mbali sana mashariki, karibu na pwani ya Amerika Kusini. Vituo vya wenzetu vilisema ni tetemeko la wastani. Watu wa pwani ile walihisi kama lori limepita barabarani, wengi wakajigeuza kitandani wakaendelea kulala.

Matahi hakulala. Alinifuata na birika la kahawa na kipande cha mkate wa jana.

"Kubwa?"

"Wanasema la wastani."

"Basi twende tukalale."

"Namngoja wa pili."

Alielewa, maana hilo nimelisema mezani kwetu mpaka limemchosha. Tetemeko hutuma wajumbe wawili. Wa kwanza ana haraka, hukata njia ya mkato katikati ya dunia, akabisha hodi, akapita. Wa pili hutambaa juu ya ngozi ya dunia, polepole, akiinua nchi nzima na kuishusha bila mtu yeyote kuhisi. Huyo wa pili ndiye anayejua uzito wa mzigo. Na pamoja na mwendo wake wa polepole, bado huliacha mbali sana wimbi la baharini. Yeye hutufikia kabla birika halijapoa; bahari huhitaji kutwa nzima ya kusafiri. Hapo katikati ndipo kazi yetu ilipo. Niliisoma kazi hiyo katika darasa la jioni, mwanetu Vaihere akiwa ananyonya, nami nikigeuza kurasa kwa mkono mmoja.

Mwaka uliotangulia hatukumngoja mjumbe wa pili. Tahadhari ilitolewa kwa hodi ya kwanza, na watu wa visiwa vya Marquesas wakapanda milima na wazee wao mabegani. Kwao ndiko bahari huingia vibaya zaidi, kwa sababu ghuba zao ziko wazi, hazina ukuta wa matumbawe wa kuivunja nguvu. Siku ile maji yalipanda hadi magotini, watoto wakayaogelea. Mama mkwe wangu, Tahiapitiani wa ghuba ya Hanaveho, alikuwa amefukia nguruwe kwenye tanuri la ardhini kwa ajili ya komunyo ya mjukuu wa dada yake. Waliposhuka, mbwa walikuwa wamemaliza kazi.

Tangu hapo kila nilipopiga simu alinipokea hivi: "Mkwe wangu, mbwa wa hapa wanakusalimu. Wanauliza tsunami ijayo ni lini."

Na tena: "Siku bahari itakapofika kizingitini pangu, siku hiyo nitapanda kilima. Kabla ya hapo naona haya."

Alisema kwa kicheko, lakini Hanaveho nzima ilicheka pamoja naye. Tukiwapandisha bure mara ya pili, ya tatu hawatapanda hata ardhi ipasuke. Na alfajiri ile Vaihere wangu, mwenye miaka mitano, alikuwa amelala kwa bibi yake, likizo. Zaidi ya hayo ilikuwa siku ya meli. Meli ya mizigo ikitia nanga Hanaveho, hakuna mtu anayebaki nyumbani. Bonde lote huwa ufukoni na magunia ya mbata na makreti ya mabalungi, na anayeondoka kwenye foleni hungoja mpaka meli irudi tena.

Mstari kwenye skrini ulikuwa umetulia. Kisha ukaanza kupanda.

Haukurukaruka. Ulipanda kama kifua cha mtoto anayelala, ukaendelea kupanda, nikaona kikombe cha kahawa kinapoa mkononi mwa Matahi na mstari bado unapanda. Halafu ukashuka taratibu, ukapita katikati, ukaenda chini vilevile.

"Mbona unapumua hivyo?" Matahi aliuliza.

"Nyamaza kidogo, baba."

Nilipima urefu wa ile pumzi moja ndefu, nikapima iliyofuata. Nikaweka umbali, nikaweka hesabu ya njia. Namba iliyotoka haikuwa ya wastani. Haikuwa hata jirani yake. Nikafuta, nikarudia kwa kalamu na karatasi, maana mkono wangu nauamini. Ikatoka ileile.

Nilimpigia mkuu wa kituo, Bwana Marurai. Sauti yake ilikuwa na usingizi lakini akili yake haikuwa nao.

"Wenzetu wanasema la wastani, Heipua."

"Wamemsoma wa kwanza, bwana. Wako mbali kuliko sisi, kwao wa pili bado yuko njiani. Kwetu amefika. Tetemeko hili halikupiga, lilisukuma. Lilisukuma pole na kwa muda mrefu, ndiyo maana watu wa kule hawakuamka."

Nilisikia akipapasa miwani mezani, kisha kompyuta yake ikiwaka.

"Nisomee mawimbi yako."

Nikamsomea, moja baada ya jingine. Alikuwa anapiga hesabu kule aliko, nami nilikuwa nasikia vidole vyake. Matahi alikuwa amesimama mlangoni, mgongo wake kwangu, akitazama upande wa kaskazini-mashariki, kwao.

"Na mimi napata hiyohiyo," alisema Bwana Marurai mwishowe. "Unajua ikiwa si kweli, Marquesas hawatatusikiliza tena maisha yetu yote."

"Najua, bwana. Mama mkwe wangu ni wa huko."

"Wewe uliyekaa na wimbi hilo unasemaje?"

Nilimwona moyoni Vaihere anavyolala, miguu nje ya shuka. Lakini sikujibu kwa ajili yake peke yake, nataka hilo lieleweke. Nilijibu kwa mstari ule.

"Nasema wapande. Na meli zitoke ghubani ziende kwenye kina."

"Basi andika. Weka jina lako juu, langu lifuate chini. Zamu ni yako."

Niliandika. Nilibonyeza kutuma bila kusita, na hadi leo navitazama vidole vyangu nikipara samaki na kuviheshimu kidogo. Muda si mrefu, vituo vingine navyo vikaanza kupandisha namba zao, kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule ambao mjumbe wa pili alikuwa akivifikia. Sisi wa kisiwa kidogo tulikuwa tumeshasema.

Kulipopambazuka ving'ora vilikuwa vinalia visiwani kote. Bwana Marurai alikuja na mkate wa moto kwapani, akakaa kwenye kiti changu. "Sasa mpigie mama mkwe," akasema. "King'ora kimefanya kazi yake. Mkwe afanye yake."

Simu iliita sana.

"Mkwe wangu," ilisema sauti ya Mama Tahiapitiani, na nyuma yake king'ora na watu wanacheka. "Mbwa wamekisikia king'ora chenu. Wameshakaa mkao wa kula."

"Mama, shikamoo. Vai yuko wapi?"

"Anakula samaki mbichi kwa tui. Jana alitaka kulala na vile viatu vyake vyekundu, nimemvua kwa nguvu, viko mlangoni. Meli ipo, mwanangu. Popoi yangu, shelisheli ya kutwanga, imeiva ya kutosha sikukuu. Sina nafasi ya kupanda kilima."

"Mama, nikuulize kitu cha popoi."

"Uliza."

"Mtu akiwa jikoni kwako anatwanga shelisheli, wewe uko nje humwoni. Utajuaje kama ametwanga nyingi au kidogo?"

Alicheka kwa pua. "Si kwa kelele. Msichana mvivu ndiye mwenye kelele, to, to, to, jiwe linagonga ubao. Mwenye popoi nyingi humsikii. Anakandamiza. Unahisi sakafu inaenda chini ya miguu, inarudi."

"Mwaka jana ardhi iligonga ubao, mama, tukasikia kelele tukakimbia. Leo haikugonga. Leo imekandamiza."

King'ora kilizunguka mara moja, mara mbili.

"Imekandamiza kwa muda gani?"

"Msukumo mmoja tu, kahawa ya Matahi ilikuwa ya moto, ikapoa haujaisha."

"Umeuona mwenyewe, au umeambiwa?"

"Nimeuona mimi. Jina langu liko juu ya ile karatasi, mama, si la mtu mwingine."

Nilisikia akivuta pumzi. Alipozungumza tena, mzaha ulikuwa umepungua, haukuwa umekwisha.

"Sikiliza. Watu wa hapa hawafuati king'ora. Wakiiona meli, hawatatoka ufukoni hata aje malaika. Nahodha ameambiwa atoke?"

"Ameambiwa."

"Basi aende, aende sasa hivi, wasiwe na cha kungojea. Na mimi popoi naipeleka juu, kwenye uwanja wa kale wa ngoma. Yote. Na nguruwe pia, maana safari hii simwachii mbwa. Watakaotaka kula watapanda."

"Mama, beba mtoto kwanza."

"Mtoto nimeshambeba, unadhani naongea na wewe kwa mikono miwili?" Akakata simu.

Matahi aliuliza amesemaje. Nikamwambia mama yake anahamisha jiko. Akaketi sakafuni, akafunika uso kwa viganja. Sikujua anacheka au analia, nikamwacha.

Kazi ya kungoja haina hadithi. Bwana Marurai aliukata mkate, hakuna aliyeula. Jua lilipokuwa limepita utosini, vipima-maji vya ghuba za mashariki vikaanza kushuka, maji yakikimbia kutoka gatini kana kwamba mtu amezibua kizibo. Kisha vikapanda. Kimoja kilipanda mpaka kikanyamaza kabisa, maana bahari ilikuwa imekimeza. Nilijua basi kwamba namba yangu ilikuwa ya kweli, na katika maisha yangu sijawahi kutamani namba yangu iwe ya uongo kama saa ile.

Hanaveho haina kipima-maji. Ina mnara wa simu mlimani, na tulipiga tukapiga, mtandao ukitukataa.

Bwana Marurai alikuwa akipokea taarifa za visiwa vingine: wamepanda, wamepanda, wamepanda. Kila mara aliponitazama aliinua kidole gumba, nami niliitikia kwa kichwa, macho kwenye simu.

Iliita yenyewe. Niliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, nikaiweka sauti ya juu ili Matahi asikie.

"Mkwe wangu," alisema Mama Tahiapitiani. "Gati limekwenda. Ghala la mbata limekwenda na mbata zake. Mashua mbili ziko katikati ya uwanja wa mpira, na sijui nani atakuwa golikipa."

"Watu, mama?"

"Watu wanakula."

Matahi aliweka kichwa chake juu ya bega langu, kizito.

"Wote?"

"Padri amehesabu mara mbili, halafu akaomba popoi mara tatu. Wote. Hata yule Kohu mbishi, alikuja kubishana na mimi juu ya nguruwe, akajikuta yuko juu. Maji yalikuja mara ngapi sijui, nilikuwa nagawa chakula. Wimbi la tatu ndilo lilikuwa na hasira." Sauti ilishuka, kama mtu anayegeuka asisikiwe na wenzake, ingawa nina hakika walimsikia. "Nimewaambia hapa: aliyelisoma ni mke wa mwanangu. Wakauliza, yule wa tsunami ya mbwa? Nikasema huyohuyo, na mkome. Nikawaambia nilijua tangu siku nilipomchagua."

"Nilimchagua mimi," alisema Matahi.

"Wewe nyamaza, tunaongea watu wa kazi."

Bwana Marurai alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa nautazama mstari kwenye skrini, ukiwa umetulia tena, mwembamba, kama haujawahi kubeba kitu.

"Mama," nikasema, "na nyumba yako?"

"Ipo, naiona kutoka hapa juu. Imelowa miguu tu. Mengine atakwambia huyu hapa, ananivuta nguo tangu mwanzo. Chukua, Vai, zungumza kwa nguvu, mama yako yuko mbali."

Nilisikia upepo wa kule juu, watu wengi wakizungumza kwa pamoja, na pumzi za mwanangu zikikaribia simu.

"Mama," alisema Vaihere kwa nguvu, "bahari imechukua viatu vyangu mlangoni kwa bibi."