Mashuka ya Gesti na Mkono wa Nuksi

Habari ilikwisha kuzunguka mtaa mzima: mashuka ya gesti yamerudishwa tena yana madoa ya kahawia, na Mama Mkubwa, mwenye udobi, amesema mdogo wake ana mkono wa nuksi.

"Jumamosi unafungasha," alimwambia mbele ya wateja. "Kazi basi, na chumba cha uani basi!"

Mdogo mtu akaendelea kukamua shuka. Aliyejibu ni binti yake wa darasa la saba, yule ambaye mtaa ulimbatiza Kwanini kwa maswali yake yasiyo na breki.

"Mama Mkubwa, umejuaje ni mkono?"

"Madoa yameanza alipokuja yeye."

"Hata mvua zimeanza alipokuja yeye. Nazo ni mkono wake?"

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akacheka hadi nyundo ikamponyoka. "Huyo mtoto amekukaba koo!"

"Leo Jumatatu," Kwanini akasema. "Nipe siku nne na shuka moja bovu."

Shuka akalikata vipande sawasawa. Kila siku vipande viwili, sabuni ileile, jua lilelile, na kitu kimoja tu tofauti. "Nikibadilisha viwili," alimwambia fundi viatu, ambaye tayari alikwisha kuhamishia kigoda chake uani, "nitajuaje kipi ndicho mchawi?"

Yeye alishuku pipa la maji, kuukuu kuliko vitu vyote pale. Akalitaja mchana kweupe na kuliandika daftarini. Jumanne kipande kimoja kikafuliwa kwa maji ya pipa, kingine ya bomba, vyote vikaanikwa kwenye waya. Jioni vyote vilikuwa na madoa.

"Umeanguka puu!" Mama Mkubwa akapiga makofi.

"Nimekosea," Kwanini akasema bila kupepesa macho, akikata neno pipa kwa mstari. "Pipa limetoka. Kesho zamu ya mikono. Mmoja wa mama, mmoja wako."

Mama Mkubwa angekataa, lakini ua ulijaa watu, na kukataa kungekuwa maneno mpaka mwakani. Alifua kipande chake kwa mbwembwe, mabangili yakilia. Jioni chake kikawa na madoa kama cha mdogo wake, na moja la nyongeza.

"Lo! Nuksi imehamia kwa tajiri," fundi viatu akanong'ona kwa sauti ya kusikika barabarani.

Alhamisi ikawa zamu ya kamba: kipande kimoja kwenye waya, kimoja kwenye kamba ya nailoni. Cha kamba kikatoka cheupe kama jino la mtoto.

"Waya wangu?" Mama Mkubwa alifoka. "Nausugua kila asubuhi kwa nyuzi za chuma za masufuria! Nani ana waya msafi kama wangu? Mara moja ni bahati tu."

"Kweli. Kwa hiyo kesho rudia mwenyewe. Usiniamini mimi."

Akarudia, vipande sita, kwa mikono yake. Vitatu vya kamba, safi. Vitatu vya waya vina madoa palepale vilipougusa.

"Waya huu ulikuja na ngozi ya kuzuia kutu," Kwanini akasema. "Umeisugua mpaka imekwisha. Usafi wako ndio doa."

Jumamosi asubuhi Mama Mkubwa akasema, akitazama pembeni, "Haya mdogo wangu, kafue. Tutafunga kamba."

Mdogo mtu, aliyenyamaza wiki nzima, akaweka chini kopo la vibanio. "Dada, ulinitukana mbele za watu. Nitafua ukiyafuta maneno hayo mbele za watu."

Mama Mkubwa alitazama nyuzi za chuma mkononi mwake, akazitupa kwenye pipa la taka.

"Nilikosea," akasema.

"Fundi viatu hajasikia," akasema Kwanini, kalamu mkononi.

"Nilikosea! Mkono wa mdogo wangu hauna nuksi!"

Kwanini akakata neno mkono kwa mstari. Mama yake akaokota vibanio.