Ukungu Nyuma ya Mama

Kaka yangu hajui kupiga picha. Nalisema mapema ili mtu asije akanisikiliza hadi mwisho akidhani labda kuna mahali alipopatia. Kamera anazijua, hilo simnyimi. Ukimwamsha usingizini atakutajia kila aina iliyotoka, ipi betri yake inakaa, ipi ikinyeshewa haifi, ipi kitufe chake kimehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Lakini mtu akisimama mbele yake, mtu mwenye pua na masikio, kaka hana habari naye.

Kazi yake ni ukarani wa bima. Mtaani wanamwita Bwana Lenzi, naye jina hilo hulipokea kifua mbele, hajui kwamba wanamcheka. Mimi ni msusi. Kutwa nashinda nyuma ya vichwa vya watu nikiwatazama usoni kupitia kioo, kwa hiyo kuhusu nyuso nina maoni yangu, ila nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuyaomba.

Mambo yalianza pale daktari alipomwambia Baba kwamba ana uvimbe ndani ya taya. Kwa nje ulikuwa hauonekani. Ungekatwa pamoja na kipande cha mfupa, na daktari hakumficha kitu: atapona, atakula, atazungumza kwa kujikaza, ila upande ule wa uso hautarudi kama ulivyokuwa. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akakaa kwenye kochi lake, akasema jambo moja tu.

"Nataka picha. Mimi na mama yenu. Nikiwa na uso wangu huu."

Baba ni mtu wa kupenda uso wake, na sisemi kwa ubaya. Alikuwa fundi wa kushona suti, na mpaka leo hawezi kupita kwenye dirisha la gari lililoegeshwa bila kuyaweka sawa masharubu yake. Mama husema alimkubali kwa ajili ya tabasamu lake la upande mmoja, hayo mengine akaja kuyavumilia. Na upande wenyewe ndio huo uliokuwa unakwenda kukatwa.

Nilitoa simu palepale. "Kaeni hivyohivyo," nikasema.

"Weka simu chini," kaka akasema. "Picha ya simu si picha. Ukiikuza inavurugika yote. Baba, hii niachie mimi. Nitaipiga kwa kamera ya maana."

"Kamera gani?" nikamuuliza. "Wewe huna kamera."

"Naichagua."

Baba akamtazama mwanawe wa kiume kwa macho ya mtu aliyepewa zawadi. "Muache kaka yako," akaniambia. "Yeye ndiye anayejua mambo haya." Nikairudisha simu mfukoni.

Sasa sikieni uchaguzi wenyewe. Kamera kubwa ya kidijitali, ile yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, watu wengine huinunua kama wanavyonunua pasi: unaingia dukani, unaishika, unalipa, unakwenda kuitumia. Kaka na wenzake hawako hivyo. Wana kikundi chao, watu wazima wenye watoto shuleni, hukutana mgahawani kila Jumamosi na kugombana kuhusu kampuni mbili za kamera mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Kampuni zenyewe hata hazijui kama wao wapo duniani.

Nilikwenda nao mara moja, nikidhani nitaharakisha mambo. Sikuona picha hata moja ya binadamu. Walikuwa wanaonyeshana picha za ukuta wa matofali. Ndiyo, ukuta. Wanaupiga ili waone kama lenzi inachora mistari sawasawa mpaka kwenye kona, halafu wanaikuza ile picha kwenye kompyuta na kuikagua tofali kwa tofali, huku wakiguna. Mmoja alikuwa amebandika gazeti ukutani akalipiga pia, akatusifia jinsi herufi zilivyotoka. Nilimuuliza habari yenyewe ilihusu nini. Hakuwa ameisoma.

Katika watu hao ndimo kaka alimochukua ushauri kuhusu uso wa baba yetu.

Akachagua kamera, akaiacha kwa sababu ni nzito. Akachagua nyepesi, akaiacha kwa sababu mkononi haionekani kama kamera ya mtu anayejua. Alipotulia kwa moja, zikaja lenzi. Ile inayouzwa pamoja na kamera akaikataa hata kuigusa, akasema ni ya wanaojifunza. Kaka alikuwa bado hajapiga picha yoyote maishani mwake yenye mtu mzima ndani yake, kichwa na miguu, lakini kujifunza alishapita. Akaitaka ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, na wifi yangu akamuuliza anakusudia kumpiga mzee akiwa mtaa gani. Akaiacha. Akaitaka ile ya kuchukua eneo pana, mwenzake mmoja akamwambia inarefusha pua. Akaiacha nayo.

Siku ya kulazwa ilikuwa inasogea, na Baba kila jioni alimpigia simu na kumuuliza kwa upole ulioniuma, "Vipi, imepatikana?"

"Mzee, nimebakiza lenzi mbili tu. Nazilinganisha."

"Hospitali haitakungoja ulinganishe," nilimwambia kaka siku moja nilipoichukua simu mkononi mwa Baba.

"Wewe shughulika na nywele," akanijibu.

Baba alisikia, akacheka, akatabasamu kwa upande wake ule. Tabasamu zuri kabisa, likapita hivihivi.

Jumapili ya mwisho kabla ya kulazwa, Bwana Lenzi akatokea na begi jipya mgongoni. Alikuwa amechagua lenzi fupi, nene, ya bei ya kumfanya mkewe asiseme naye. Hii, akatueleza kabla hata ya kusalimia, tundu lake linafunguka kuliko zote. Ukilifungua lote, kile ulichokilenga kinatoka kikali kama wembe, na vyote vilivyo nyuma yake vinayeyuka vikawa ukungu. "Laini," akasema. "Laini mno." Akafumba macho kidogo alipolitamka neno hilo, na mimi nikaona haya kwa niaba ya wifi yangu.

Baba alikuwa tayari tangu asubuhi. Amevaa suti ya mwisho aliyojishonea mwenyewe, na masharubu nilikuwa nimempunguza mimi, kwa mkasi mdogo, nikichukua muda wangu. Mama akakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Baba akasimama nyuma yake na kumwekea mikono mabegani, kama watu wanavyosimama wanapotaka kukumbukwa.

"Mzee, rudi nyuma kidogo. Mikono toa, inaziba. Rudi tena. Hapohapo."

Kaka akapiga goti karibu kabisa na Mama, akamlenga jicho, akapiga. Akapiga tena. Kila akipiga alikuwa anageuza kamera, anaikuza picha kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, anainama kuikagua. Halafu akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe.

"Kope! Jamani, tazameni kope za Mama! Moja moja!"

"Na mimi nimetoka?" Baba akauliza kutoka kule nyuma.

"Umetoka, mzee, umetoka," kaka akasema, na wala hakuisogeza picha kutoka kwenye kope kwenda kumtazama.

Niliomba kuiona. Akaifunika kamera kwa kiganja. Picha mbichi haionyeshwi, akasema, mpaka aisafishe kwenye kompyuta. Nikatoa simu yangu nipige angalau moja, akanikemea nisimwingilie kazi. Mpaka nimalize kumjibu, na nilimjibu ipasavyo, Baba alikuwa ameshavua koti. Taya lilikuwa linamuuma, alitaka kulala. Akaniambia niache ugomvi, picha si imeshapatikana.

Akalazwa, akakatwa. Kule wodini, alipoanza kuweza kusema, aliuliza kuhusu picha kabla ya kuuliza kuhusu chakula. Kaka alikuwa bado anaisafisha. Alisema rangi ya pazia haijamridhisha.

Baba alirudi nyumbani akiwa hai, na kwa hilo nashukuru na nitashukuru daima. Lakini daktari alikuwa amesema kweli. Shavu limeingia ndani, mdomo umevutwa kuelekea chini, na maneno yanatoka upande mmoja, lazima umsubiri. Masharubu aliyanyoa yote, kwa sababu yalikuwa yanaonyesha zaidi jinsi mdomo ulivyopinda. Tangu siku hiyo nikija kumtembelea huwa anakaa akinigeuzia upande ule mzima.

Ndipo kaka akaja na picha. Kubwa, kwenye fremu nyeusi, imefungwa kwa karatasi. Akaiweka kwenye mapaja ya Baba, akarudi nyuma akakunja mikono kama mtu anayesubiri makofi.

Baba akaichana karatasi polepole. Mama alikuwemo, Mama mzima, kope zake, tundu la hereni, uzi uliochomoza kwenye ukosi. Na nyuma yake kulikuwa na suti. Juu ya suti, mahali pa kichwa, palikuwa na kitu cha kahawia kilichoyeyuka. Hakikuwa na macho. Hakikuwa na mdomo. Kama usingeambiwa ni mtu, ungeweza kusema ni koti limetundikwa ukutani.

Baba akaweka kidole kwenye kioo, akakizungusha pale juu ya suti, akitafuta.

"Na mimi?"

"Huyo hapo, mzee. Nyuma." Kaka akainama, akagonga kioo kwa ukucha. "Si unaona ukungu ulivyotulia? Lenzi nyingine haziwezi hii kitu. Niliwatumia wenzangu wote, wameisifia. Mmoja ameandika, ngoja nikusomee." Akatoa simu. "'Nyuma pamekaa vizuri mno, hapamsumbui mama.'"

Nilisema aliyekuwa pale nyuma ni baba yake. Nilisema mengine pia, maneno ambayo mtoto hayasemi mbele ya wazazi wake, na Mama hakunikataza.

"Msusi atajua nini kuhusu lenzi," kaka akasema. Aliumia kweli. Alikuwa anadhani namuonea wivu.

Baba akainua mkono, tukanyamaza. Tukamsubiri.

"Kamera," akasema. "Umekuja nayo?"

"Ipo kwenye gari."

"Ilete. Na lenzi hiyohiyo."

Kaka akatoka mbio. Aliporudi, Baba alikuwa ameshasimama. Alimshika Mama mkono, akamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akaenda kusimama nyuma yake. Mikono hakumwekea. Akarudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa, akarudi tena, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nipige kama siku ile," akasema. "Sasa ndiyo inanifaa."

Mama alielewa kabla yangu. Aliendelea kutazama mbele, mdomo ameuuma, na machozi yalimshuka bila kuyafuta. Kaka alimwomba ajitahidi kutulia, maana jicho likiwa na maji halilengeki. Akapiga goti, akalifungua lile tundu mpaka mwisho, kisha akanigeukia na kunikonyeza.

"Umeona?" akasema. "Mzee mwenyewe ameielewa."