Majina Mepesi ya Kirusi

Grigori alikuwa wa kwanza kuondoka. Katika sehemu ya ishirini na mbili alipandishwa treni ya kwenda machimboni bila kumuaga mke wala mtoto, na wasikilizaji wakapiga simu redioni kulalamika. Mwanamume mzima, mwenye nyumba na ng'ombe, anaondoka hivihivi kama mwizi? Laiti wangejua. Grigori hakuwa na kosa lolote duniani ila zile r mbili katika jina lake, ambazo ulimi wa msomaji ulikuwa haubebi tena.

Msomaji huyo na mwandishi wa hadithi walikuwa ndugu wa tumbo moja. Yeye mwandishi ndiye dada mkubwa, na mtaani walimwita Mrusi, kwa kuwa ujanani alisoma Urusi miaka mitano akarudi na cheti cha ufumaji nguo, koti zito lisilo na kazi, na hadithi tele kichwani. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilipofungwa, hadithi ndizo zilizombakia. Mdogo wake walimwita Kengele kwa sababu ya sauti. Dada aliandika, mdogo akasoma, kila Jumamosi saa nne asubuhi, na watu waliacha kufua wakasikiliza.

Walianza kwa raha. Siku ya kuchagua majina walikaa mezani, dada akitaja moja moja, Kengele akiyaonja mdomoni. Walitaka majina mepesi, ambayo msikilizaji atayashika huku anachambua mchele.

"Vsevolod je?"

"Dada, huyo mpe nauli arudi kwao."

Wakabaki na Grigori, Lara, Sergei, Nina, Ivan na Ana. Halafu dada akamfundisha kwamba Warusi wakiheshimiana huongeza na jina la baba: Grigori Stepanovich, Nina Pavlovna. Kengele akacheka mpaka akashika mbavu. "Hivi wanaitana hivyo hata wakiombana chumvi?" Lakini aliyapenda. Aliyasoma hewani kama mtu anayewatambulisha wakwe zake.

Kisha ulimi ukaanza kuwa mzito. Daktari hakuzunguka mbuyu: mishipa inayouendesha ulimi na koo ilikuwa inakufa kidogo kidogo, na dawa hakuna. Kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari, Kengele alimwambia dada yake neno moja tu. "Hadithi ina sehemu arobaini. Nataka niimalize kwa mdomo wangu mwenyewe. Ikiisha, nitanyamaza kwa heshima."

"Utaimaliza," dada akasema. Alikuwa radhi kufanya lolote.

Na alilolifanya hakumwambia. Kila Jumatatu alimpigia simu, akamuuliza kama ana sukari nyumbani, si kwamba sukari ilimhusu, bali apate kusikia neno hilo linatoka vipi. Herufi ikikwama, alijua nani wa kumuondoa. Baada ya Grigori, Lara aliolewa mbali. Sergei alizama mtoni, maskini, na alikuwa hodari wa kuogelea. Ukiwa na kalamu unaweza kumaliza kijiji kizima na polisi wasije. Mkurugenzi wa redio mwenyewe alimuuliza, "Mama, huko kwako kuna kipindupindu? Mbona watu wanaisha?" Akacheka kidogo, akasema ndivyo baridi ya kule ilivyo. Jioni hiyo hakula. Aliwapenda watu wale, na alikuwa akiwazika ili asimzike mtu mwingine, kama kwamba hayo mawili yanabadilishana.

Sehemu ya thelathini na tatu ilipomfikia, Kengele alikuja nayo mpaka nyumbani. Akakaa karibu na cherehani, karatasi mapajani. Alizungumza polepole, akipumzika kila baada ya maneno mawili, na dada alijizuia asimmalizie.

"Nina yuko wapi?"

"Amekwenda kukaa kwa shangazi yake."

"Nina hana shangazi. Ni yatima asiye na ndugu. Uliandika mwenyewe, sehemu ya tatu."

Dada akatazama sindano ya cherehani.

"Na Ivan umemfungia hospitali. Amebaki Ana na mbwa, dada. Na mbwa hana jina."

"Nilitaka umalize."

"Nimalize nini? Mimi niliomba kumaliza hadithi, siyo makombo yake." Akafuta mdomo kwa leso. "Unadhani sikujua? Tangu treni ya Grigori najua. Nirudishie watu wangu. Nikianguka, nianguke kazini."

Dada alikasirika kwanza, tuseme kweli. Miezi mitatu ya kukesha na wahusika, halafu hii ndiyo shukrani? Lakini hasira haikufika mbali. Aliona alichokuwa akikifanya. Kila jina alilolifuta lilikuwa cheti kingine cha daktari, na mdogo wake alikuwa akivisoma vyote kwa sauti, mbele ya watu, Jumamosi baada ya Jumamosi, bila kumwambia. Akalia, Kengele akimshika bega, mgonjwa akimbembeleza mzima.

Akaiandika sehemu hiyo upya. Grigori alirudi na treni, theluji mabegani. Lara alikuja na mume wake. Sergei hakuzama, wavuvi walimwokoa. Wasikilizaji watasema nini, liwalo na liwe. Aliwakalisha wote meza moja, wakiitana kwa majina kamili, pamoja na ya baba zao, ukurasa hadi ukurasa.

Jumamosi alfajiri, kabla ya saa ya kipindi, chumba cha kurekodia kilikuwa na joto na harufu ya zulia la zamani. Fundi mitambo aliweka glasi ya maji karibu, akafunga mlango. Ana alipita salama. Grigori alitoka kama mtu aliyejaza pamba kinywani. Kengele akasimama, akameza mate, akarudia. Akarudia tena. Dada alikaa nyuma ya kioo, na hakuna aliyemwambia Kengele aache. Usomaji wa dakika kumi na tano ulichukua saa nzima. Fundi alikuwa amegeukia ukuta, lakini mashine hakuizima. Na Kengele alisoma kila jina, kila baba wa kila mtu, mpaka neno la mwisho.

Akavua vipokea sauti vya masikioni. Akachukua kalamu, akaandika kwenye pambizo ya karatasi: *Haifai kurushwa, eti?*

Fundi akakubali kwa kichwa. Hakuwa mtu wa kudanganya.

Kengele akaandika tena, akamgeuzia dada: *Nimewaaga wote. Mpe mwingine amalizie.*

Jumatatu mkurugenzi alipiga simu. Amepata msomaji, binti mmoja wa taarifa ya habari, ulimi kama wembe. "Sasa jiachie, Mama. Weka jina lolote unalotaka. Huyu hakwami popote."

Dada alimshukuru. Akakaa mezani, maana katika sehemu ya thelathini na nne alihitaji tarishi wa kuleta barua, na tarishi lazima awe na jina. Aliyajua majina ya Kirusi mia mbili, mafupi na marefu, laini na yenye miiba. Lolote lingefaa. Akayataja moja moja kwa sauti, peke yake chumbani, na baada ya kila jina alisubiri kidogo mtu alirudie.