Bega la Abdunoor

Jumatatu saa moja asubuhi, Tahiru alirudisha trekta nyuma polepole katika uwanja wa bosi Asiku, mjini Koboko, mpaka ndoano ikafika chini ya jicho la tela. Abdunoor, shemeji yake, alichuchumaa kando akimwelekeza kwa mkono: kushoto kidogo, basi. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili tangu Abdunoor azikwe.

Abdunoor aliingiza pini akaitikisa. Akatazama kibanio cha kuizuia isichomoke, akakuta msumari uliokunjwa. Akatafuta cheni ya usalama, hakuna. Akavuta mkono wa breki ya tela, ukaja wote bila kushika kitu, kama ulivyokuja siku ile aliyokufa, kule Dadamu. Siku hiyo tela ilifunguliwa kwenye mteremko, yeye yuko nyuma yake anatafuta jiwe la kuweka chini ya gurudumu.

"Breki iko vile vile," alisema.

"Bosi anasema wiki ijayo, shemeji," Tahiru akajibu, akatia gia.

Medina, mjane wa Abdunoor, aliyaona hayo kutoka mlangoni kwake, ng'ambo ya ua wa mianzi. Alikuwa kwenye eda, hatoki. Alikuwa amelia vizuri siku zote saba za mwanzo, na sasa hakujua amlie vipi mtu anayerudi kila jioni na shati limechanika begani, anauliza kama kuna mafuta ya kuchua. Maana kila tela ilipoufikia mteremko wa Dadamu na mzigo wa mihogo, Abdunoor alishuka akaiegemea kwa bega mpaka isimame. Ikifunguliwa, alikaa nyuma ya gurudumu hadi gunia la mwisho lishushwe. Askari wa barabarani aliwahi kuuliza juu ya breki. Tahiru akamwonyesha Abdunoor. Askari akamsalimu marehemu, akawaruhusu wapite.

Ni Alhamisi tu trekta haikutembea. Siku hiyo Abdunoor alikwenda makaburini akalala kama wenzake.

"Nikiona breki imeshika, nitalala siku zote," alimwambia mkewe.

Basi Medina akatuma ujumbe kwa Asiku mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Jibu likawa lile lile: fundi amekwisha kupima, kifaa kinatoka Kampala, wiki ijayo. Medina alianza kuichukia wiki ijayo kama mtu anavyomchukia jirani.

Siku ya arobaini watu walikaa kwenye mikeka, kisomo kikasomwa. Abdunoor alifika dua imeanza, akakaa mlangoni penye viatu, akaitikia amina kwa jina lake mwenyewe. Asiku naye alikuja, amevaa vizuri, na mfuko wa sukari. Baada ya kula, Medina alimwita kutoka nyuma ya pazia, akamuuliza kuhusu breki mbele ya watu wote.

Asiku alijibu kwa heshima. Alisema breki ilimnyima usingizi mpaka Abdunoor aliporudi kazini, na tangu hapo tela haijapata hata mkwaruzo.

"Sasa, mama, breki gani itashinda hii?"

Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Asiku akamgeukia marehemu, akamwomba, kama hatojali, Alhamisi aiangalie ile tela ya pili inayopeleka maji Omugo. Nayo haina breki.

"Mwambie hapana," Medina alisema.

Abdunoor alitazama viganja vyake.

"Dereva wa ile tela ana watoto, Medina."

"Na wewe una kaburi. Nani anakaa ndani yake?"

Mtu mmoja akaomba maji ya kunawa.

Keshoye fundi alipita na kifaa kilichotoka Kampala. Asiku akamwambia asihangaike, akitafutie gari lingine.

Jioni ya Jumatano Medina alikata gunia vipande viwili, akavishona kwenye shati la mumewe, kimoja kila bega. Alfajiri ya Alhamisi Abdunoor alilivaa akaingia uwanjani. Akachuchumaa mbele ya tela ya maji, akaitikisa pini. Medina alimsikia akimwambia dereva, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba breki hakuna, na dereva akijibu kwamba anajua.