Asili ya Hambu

Saa tatu asubuhi feni ya sebuleni kwa Baba Hambu ilikuwa imezimwa ili kinasa sauti kisipate makelele. Aliizima mwenyewe kabla mgeni hajaomba. Mgeni alikuwa mkamwana wake, mhariri wa kamusi, na siku hiyo alikuja kikazi.

Neno lenyewe lilikuwa midomoni mwa mtaa mzima. Ukimuuliza fundi wa pikipiki habari za kazi, anajibu "hambu tu", yaani shwari, hakuna shida. Mzee alikuwa mpiga redio wa jeshi mpaka alipostaafu na usajini wake, na tangu hapo amewaeleza watu kwamba hambu ni kifupisho alichokitunga yeye: Hali ya Amani, Mbele Bila Upinzani. Jina la utani likamkaa kuliko la kuzaliwa, na wajukuu walilitambia shuleni. Mume wa mhariri alimwambia mkewe mlangoni kwamba kamusi itachapwa tena siku nyingine, lakini baba anaye mmoja tu.

Ofisini kwao wahariri asili ya neno haikuandikwa kwa sababu inapendeza. Vifupisho ndivyo vilivyowatesa zaidi. Watu hupenda kuamini kwamba neno la mtaani limetoka jeshini, kila herufi na kazi yake, kumbe mara nyingi neno lilitangulia na herufi zikatafutiwa maana baadaye. Kwa hambu, hata hivyo, hakukuwa na ushahidi wa kupinga. Wapiga redio wenzake wawili waliobaki walikwisha kumuunga mkono, na ukurasa ulikuwa unaondoka jioni. Mzee akisema ndiyo, ingeandikwa ndiyo.

Mhariri alimwomba mzee aitume taarifa kama alivyoituma zamani.

Mzee akanyoosha mgongo, akabana kidole gumba kwenye swichi isiyokuwapo. Sauti ikawa kavu, haina haraka. "Haki. Almasi. Mlima. Bahari. Ua. Mwisho."

Kila herufi ilipata nafasi yake. Ungeweza kuiandika hata mvua ikipiga bati. Mhariri amewasikia wasomaji wa habari wasiofikia hapo. Mzee akaeleza kwamba hewani herufi haziunganishwi, maana neno fupi humezwa na mikwaruzo. Aliyeziunganisha alizungushwa uwanja na betri ya redio kichwani.

"Na nje ya redio, baba? Kantini?"

"Kantini tulisema hambu kutwa kucha."

"Tangu lini?"

Lilikuwa swali analomuuliza kila shahidi. Mzee akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Mama mkwe, aliyekuwa anaingia na chai, akamtania kwamba leo betri imelala. Mzee akaendelea kupanga mambo, sasa kwa sauti: kifupisho alikitunga mwaka wa tatu wa utumishi, walipohamishiwa mpakani, hilo hana shaka nalo. Kisha akarudi nyuma hadi siku ya kwanza kambini, kwenye benchi la kinyozi.

"Alinipangusa nywele shingoni, akanigonga bega. Akasema, hambu kijana, nenda."

"Alikuwa askari?"

"Raia. Anakuja na mkoba wake, ananyoa, anaondoka. Redio hajaishika maisha yake."

Hakuna mwingine aliyejua habari za benchi lile. Mzee angeweza kuzimeza pamoja na chai, na kamusi isingegundua. Mhariri akamwambia, kwa haki, kwamba miaka ni mingi na huenda anachanganya vinyozi.

"Mwanangu, yule ndiye aliyeninyoa kipara kwa mara ya kwanza. Simchanganyi." Akasogeza kikombe pembeni. "Herufi nilizitunga mimi. Neno nililikuta. Andika hivyo, usinipambe."

Kisha akamtaka asome alichoandika, kwa kuwa ujumbe haujafika mpaka aliyeupokea aurudie. Mhariri akasoma: mtunzi wa kifupisho anasema huenda neno alilikuta kambini.

"Huenda imetoka wapi?"

Akaikata, akasoma tena. Mzee akaitika mara moja kwa kichwa, akainuka kuwasha feni.

Jioni mhariri mkuu aliyapitia maelezo: asili haijulikani, lilitumiwa na raia kabla ya kufanywa kifupisho cha jeshi. Akauliza shahidi ni nani. Akaambiwa ni mtunzi wa kifupisho chenyewe. Aliyasoma tena maelezo yote, akatia saini, na ukurasa ukaenda mtamboni.