Paa Lililovuja Upande Mmoja

Barua ilikuwa na jina lake chini, Sabina, kwa mwandiko uliolala upande wa kulia, na ndani yake hamkuwa na sentensi hata moja aliyowahi kuisema.

Aliisoma tena, kidole kikifuata mistari. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu mumewe, Balozi Nicholaus Kahigi, katika chumba ambacho Mzee alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kuingia bila kubisha. Chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam kilikuwa kimeziomba karatasi zake, na binti yao Alistidia alikuja hadi Kamachumu kuzipanga kwenye maboksi: hotuba, shajara, picha za karamu za Stokholomu na Delhi, pamoja na barua za nyumbani. Ijumaa vyote vingesafiri.

"Mama, barua zako zinazishinda hotuba zote za Taata," Alistidia alisema akifunga boksi kwa utepe wa gundi. "Kumbe tulikuwa na mshairi ndani ya nyumba."

Sabina alitabasamu kama mtu anayesifiwa kwa mboga iliyopikwa na jirani.

Miaka ile hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa ameolewa na mtoto wa kwanza wa kiume, na mke wa mtu kama huyo hakubebwa kupelekwa Ulaya huku kibanja kikiota magugu na mama mkwe akikohoa peke yake. Akabaki. Kila mwezi alishuka dukani kwa mzee Burhani, mwenye sanduku la posta, akakaa juu ya gunia la chumvi na kumwambia Shamsa, binti wa Burhani, ya kuandika. Majibu alisomewa na katekista Byarugaba, mcha Mungu ambaye kila alipofika penye mapenzi alikohoa na kurukia salamu za wazee. Sabina alipokuja kuhitimu darasa la ngumbaru, Mzee alikuwa amesharudi, na barua zote, za kwenda na za kuja, zilikuwa ndani ya kabati lake. Vitu vya Mzee havikuguswa. Naye Mzee, maskini, alijua mwandiko si wa mkewe. Maneno ndiyo aliyoyasadiki.

Na maneno yenyewe yalikuwa haya: *Paa linavuja upande unaolala wewe. Sijamwita fundi. Asubuhi nikikuta pamelowa, najiambia umepita.*

Chini yake, kwa pini iliyoshika kutu, Mzee alikuwa amebana jibu lake. Sabina alilisoma lote, na alipomaliza, kitu alichokisahau kwa zaidi ya miaka arobaini kilimrudia. Mumewe alipokuja likizo mwaka ule, alisimama chumbani na koti lake la safari, akatazama dari kwa muda mrefu. "Nani ameziba paa?" akauliza. Naye Sabina, kwa majivuno ya mke asiyelaza kazi, akajibu, "Shemeji Kyaruzi. Kaliziba zamani."  Mzee alivua koti akaenda kumsalimia mama yake.

Wivu ukamkaba. Hakuwahi kuwaonea wivu wale wanawake weupe wa kwenye picha, wenye mabega wazi na glasi mkononi. Hao alikuwa akiwacheka. Huyu binti wa Burhani hakuwa na picha. Huyu aliingia ndani ya jina lake kama anavyoingia mtu kwenye kanga ya mwenzake, akapendwa akiwa humo, na yeye mwenye kanga alikuwa shambani anapalilia. Kwa hiyo hata katika kupendwa alikuwa amepokea chenji tu? Usiku kucha swali hilo halikumpa ubavu wa kulalia. Kulipokucha alitia barua na jibu lake kwenye mkoba, akamwambia Alistidia anakwenda Bukoba mjini kuangalia presha, akapanda basi la kwanza.

Shamsa alikuwa anaishi mtaa wa Bilele, kwa mwanawe. Alimkuta barazani, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, akichambua mchele kwa vidole. Shamsa alimtambua kwa sauti. Aliagiza chai pamoja na kahawa za kutafuna, na salamu zikaenda mpaka kwa wajukuu kabla Sabina hajatua mzigo wake.

"Bi Shamsa, nilipata kukwambia paa letu linavuja?"

"Ulisema, Mama Alistidia."

"Nilisema linavuja, na kwamba Kyaruzi ataliziba Jumamosi."

"Ndivyo ulivyosema."

"Kyaruzi yuko wapi kwenye barua?"

Vidole vya Shamsa vilitulia juu ya ungo. "Niliona aibu barua ivuke bahari kwenda kutangaza ufundi wa Kyaruzi," alisema.

Sabina hakucheka. "Ulimtaka mume wangu?"

"Nilimwona mara mbili. Mara moja alinunua viberiti, mara nyingine aliuliza njia ya nyuma." Alisogeza ungo pembeni. "Nilifaulu kwenda chuo cha ualimu, baba akakataa. Nikabaki kupima sukari. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja anayesoma ninachoandika, naye ni huyo wako. Nilikukosea, sikatai. Lakini na wewe, waitu, miaka tisa ulikuwa unakuja unasema, 'Amejibu, andika nyingine.' Hujapata kuniambia alijibu nini. Nilikuonea wivu. Nilimwonea wivu hata yule katekista."

Sabina alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa tangu kituo cha basi. Aliyaacha yalipo. Alifungua mkoba, akavaa miwani, akatoa karatasi ya bluu.

"Hili ndilo jibu la barua ile," alisema, akaanza kusoma. Alisoma salamu, baridi ya Stokholomu, viatu alivyomtumia mama, pole za kikohozi. Alipofika kwenye aya ya tatu aliiruka, akasoma ya nne, ya mbegu za kabichi, na kufika mwisho.

Shamsa alisubiri. "Na paa?" akauliza taratibu. "Kuhusu paa hakusema kitu?"

Sabina alimtazama. Macho yale yasingemsuta. Neno moja tu, hakusema, na Mzee angerudi naye Kamachumu akiwa wake peke yake, na barua ingeingia kwenye boksi ikiwa na jina moja chini. Neno lilifika ulimini. Alilionja, lilikuwa tamu kweli kweli.

"Alisema," akajibu.

Akainamia karatasi.

"*Nimeisoma habari ya paa mara nne. Jana tulialikwa karamu, mvua ikapiga dirisha, nikamwacha waziri wa watu katikati ya sentensi, nikatoka nje bila mwavuli. Nilisimama mpaka suti ikalowa yote. Walidhani naumwa. Tafadhali usimwite fundi mpaka nirudi.*"

Ndani ya nyumba mtu alifungulia bomba la maji, akalifunga. Shamsa alikuwa amegeuza uso ukutani, na ncha ya mtandio ilikuwa mdomoni.

"Soma tena," alisema.

Wivu ulikuwa pale pale, haujasogea hata shubiri. Sabina alifuta miwani kwa upindo wa kitenge, akatafuta aya ya tatu kwa kidole, na kuanza upya, polepole zaidi.