Birika Lililosafishwa Mno

Fernande alikuwa amesahau karibu kila kitu: mumewe aliyezikwa, jina la kijiji, hata binti yake Solange, ambaye nyumbani alimwita "wewe mgeni". Lakini kila Jumatatu Solange alipompeleka kwenye birika la mawe la kufulia, lililojazwa na chemchemi, akampigisha magoti ukingoni ndani ya kisanduku chake chenye majani makavu ya kukinga magoti na kumpa shati, akili ilimrudia. Mikono ikigusa maji tu, mzee huyo alifoka: "Solange, sabuni! Umelala?" Solange alicheka, machozi yakimlengalenga.

Wengine wote pale kijijini Saint-Orvain walifua kwa mashine. Birika lilibaki la Fernande na vyura. Ndipo meya, Anselme, alipotangaza kwamba siku ya urithi, ya kutembelea majengo ya kale, wageni watakuja kulitazama, kwa hiyo sharti ling'ae.

Jumamosi watu walikuja na makoleo. Wakazibua tundu, maji yakatoka. Chini kulibaki tope jeusi, zito kama unga uliokandwa.

"Ingia wewe kwanza, Meya," Lucette muuza mikate alimtania. "Kwa tumbo hilo, hata maji yakirudi utaelea."

"Cheka tu, dada. Ukichoka kucheka, chota."

Solange alichota kuliko wote. Alitaka mama yake akute mawe meupe. Walikwangua mpaka chini kabisa, wakapiga brashi, wakaziba tundu. Maji ya chemchemi yalipoanza kujaa, wakapiga makofi.

Jumapili asubuhi birika lilikuwa tupu. Chemchemi ilitiririka kama siku zote, ila maji yalipofika sakafuni yalinywewa na nyufa za mawe, yakaenda kutokea bondeni, malishoni mwa ng'ombe.

Anselme alisimama kando ya lundo la tope walilolitupa barabarani. Mvua ya usiku ilikuwa imetuama juu yake, haikupungua hata kidogo.

"Udongo wa mfinyanzi," akasema polepole. "Ndio uliokuwa unazuia maji. Tumekwangua sakafu yenyewe, jamani."

Waliurudisha wakaushindilia kwa miguu. Lakini ulikwisha changanyika na kokoto na majani. Maji yaliupasua, yakaenda zake.

Solange alijaza beseni nyumbani. Fernande aliliangalia akalisukuma. "Hili la kuogeshea mbwa?"

Jumatatu mzee aliamka mwenyewe, shati kwapani. Solange hakuweza kumzuia. Pale birikani Fernande akapiga magoti kisandukuni, akashusha mikono, ikagota kwenye jiwe. Akasugua shati kavu juu ya jiwe kavu, akaacha.

"Mama," Solange alinong'ona, akimnyooshea sabuni. "Sabuni hii hapa."

Fernande aliinua uso, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayejibu salamu ya mpita njia.

"Asante, dada. Lakini mimi huletewa na binti yangu. Acha nimsubiri."